Shahidi Asiyesikia Kicheko

Shahidi alipomtaja Atilio Luhwavi kuwa mwizi, sote tulicheka, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Atilio mwenyewe. Tulikuwa tumeketi kwenye majani chini ya tenki la maji la Kihesa. Ukuta wake tulikuwa tumemaliza kuuchora, maharage kutoka kwa wakulima wa Ilula yalikuwa kwenye sahani, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda popote. Kunigunda Ngonyani alipiga makofi.

"Mungu si Athumani!" akasema. "Hata chuma kimemjua Mhehe huyu!"

Shahidi akasubiri tumalize. Ni kisanduku cha ukubwa wa tofali, tunakining'iniza kwenye jukwaa la kazi, kina jicho moja na masikio mengi. Tulipotulia akarudia kwa sauti ileile. Atilio Luhwavi ametumia michoro ya Kunigunda Ngonyani bila ruhusa. Malalamiko ya mwenye michoro yapo, na kukiri kwa Atilio mwenyewe kupo. Nafasi yake katika Kuta Hai, kikoa chetu cha wachoraji wanaofanya kazi kwa ushirika, imekwisha, na mwisho wa mwezi atahamia Sumbawanga, kwenye kikoa kinachohitaji mtu wa kuchanganya chokaa.

Hapo kicheko kikakatika. Shahidi hana mzaha, hakuwekewa.

"Chokaa?" Atilio akauliza. Alikuwa bado na tabasamu usoni, amelisahau pale.

Watu wote wakanigeukia mimi, kwa sababu msimu ule mwenyekiti nilikuwa mimi. Kwetu uenyekiti huenda kwa zamu, sawa na kuosha masufuria, na una heshima kiasi hichohicho. Nilikuwa sijawahi kuuhitaji kwa lolote isipokuwa kugombana na watu wanaoacha mabeseni wazi. Nikamwambia Shahidi atusomee ushahidi.

Sauti ya Kunigunda ikatoka kwenye kisanduku, iliyorekodiwa msimu wa mvua: "Mstari huo ni wangu, Atilio, umeuiba nikiwa chooni!" Ikafuata ya Atilio: "Nimeuiba, na kesho naiba mwingine." Kisha Kunigunda: "Nitaleta mbwa alinde beseni langu." Na Atilio: "Mlete, mtani. Ila mlete akiwa amenona."

Tuliyakumbuka maneno yale. Tulikuwepo, na mwenzetu Lugano alicheka hadi akaangusha ndoo. Lakini kwenye kisanduku maneno yalitoka makavu, moja baada ya jingine, shtaka na kukiri, shtaka na kukiri, miaka na miaka ya utani wa Mngoni mla panya na Mhehe mla mbwa, watani tangu mababu walipopigana vita, bila hata kicheko kimoja nyuma yake. Shahidi hukichuja kicheko.

Najua kwa nini hukichuja. Niliyeomba kichujwe ni mimi.

*

Ambaye hajapaka rangi hai atauliza wachoraji wanataka shahidi wa nini. Rangi yetu haichanganywi, inaoteshwa. Ni mwani mdogo sana tunaoulea kwenye mabeseni, kila rangi na beseni lake, na ukiupaka ukutani unaendelea kukua kwa jua na unyevu. Ukichora jani leo, baada ya wiki limekuwa tawi. Bluu ya mmoja hukutana na njano ya mwingine wakati wenyewe mmelala, na mkija asubuhi mnakuta kijani kizuri ajabu ambacho hakuna aliyekichora. Sasa kijani kile ni cha nani?

Vikoa vya mwanzo vilivunjika kwa swali hilo. Mwenye mdomo alichukua kijani, mpole akaachiwa ndoo za kuosha. Na msidhani ni kwa sababu ya fedha. Kikoa hakiuzi ukuta. Sisi tunapaka ghala la watu wa Ilula, wao wanatuletea nyanya na maharage. Tunapaka tenki, wenye tenki wanatupa maji ya mabeseni. Zahanati haimuulizi mwanakikoa kitu zaidi ya jina. Tumbo likishashiba na paa likiwepo, kinachobaki cha kugombaniwa ni sifa, yaani nani aongoze ukuta ujao na jina la nani likae chini yake. Na watu wazima na akili zao huigombania sifa mpaka kuvunja ndoa.

Ndipo shirikisho la vikoa likatengeneza Shahidi. Yeye huona kila mkono na kusikia kila neno, na ukuta ukiisha anasema nani katia nini. Alipokuja, wapole wengi walipata majina yao kwa mara ya kwanza.

Mimi sikupata. Nilikuwa Tanga wakati huo, binti wa Kipare niliyeshuka kutoka Same na mikono mizuri na woga mwingi. Kiongozi wa kikoa chetu alijiita mtani wangu. Kila tulipomaliza ukuta alisimama mbele ya wageni akasema, "Huyu Namkunda ni mkono wangu wa tatu, mimi nafikiri, yeye anapaka," na watu wakaangua kicheko, nami nikacheka. Michoro ilikuwa yangu yote. Shahidi alisikia kicheko changu akahesabu kwamba nimeridhika. Nilipopata ujasiri wa kulalamika, yule bwana alishangaa kwelikweli. "Jamani, si utani tu?" akasema. "Mwenyewe alikuwa anacheka!" Wenzangu waliolalamika pamoja nami wakaitwa pembeni mmoja mmoja, na kesho yake wote walikuwa wamefuta maneno yao.

Nikaenda hadi kwenye mkutano wa shirikisho nikaomba mambo mawili. La kwanza, kicheko kisiwe ushahidi. La pili, aliyelalamika asiweze kufuta lalamiko lake baada ya hukumu, maana ndipo wenye nguvu huwaminya koo wasio na nguvu. Yalipitishwa. Watu ambao sijawahi kuwaona wameniandikia kunishukuru, na sitaki kujifanya kwamba sikujivunia. Nilijivunia sana.

Na sasa kanuni zangu mbili zilikuwa zinampeleka Atilio Sumbawanga.

*

Siku zilizofuata karakana ilikuwa kimya. Sikujua kwamba kazi yetu inategemea matusi kiasi kile. Watu walisema "samahani" na "tafadhali" kama wako benki. Kila mmoja alitazama kisanduku kabla ya kufungua kinywa, na Lugano, ambaye ni Mnyakyusa na ana watani karakana nzima, aliamua kutosema kabisa. Rangi nazo zikaanza kuingiliana. Kwa kawaida ukiona nyekundu ya mwenzako inakula anga lako unapiga kelele, "We mchawi, ita mbwa wako!" naye anakuja na brashi ya maji ya chumvi kuirudisha. Sasa mtu aliona nyekundu inakuja, akaiacha, asije akaonekana analalamika. Ukuta wa shule tuliokuwa tumeuanza ukawa rangi ya matope.

Kunigunda alinikuta kwenye mabeseni mchana mmoja. Ni mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, lakini siku ile aliongea chini.

"Mwanangu Namkunda, hebu niambie kama mtoto mdogo. Njia ipo au haipo?"

"Zipo mbili, mama. Atilio anaweza kusema kwamba ulimsingizia na kwamba ameumia. Hapo atabaki, utahamishwa wewe."

"Nimeshamwambia aseme hivyo. Kakataa." Akakaa kwenye kigoda, akakunja kitenge magotini. "Eti mtani akijitetea, ameua utani. Mjinga yule. Ya pili?"

Nilitamani asiniulize. "Ya pili ni mwenyekiti wa zamu. Shahidi atamuuliza kama kuna kosa katika namna alivyoelewa maneno. Mwenyekiti akisema lipo, hukumu inafutwa."

"Si ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi. Lakini atakachojifunza kutoka kwangu, vikoa vyote vitafundishwa kesho yake. Nikimwambia maneno yale yalikuwa utani, ayasamehe, basi kila mwizi wa kazi kuanzia hapa hadi Kigoma atakuwa na mtani. Mama, mimi nimeufunga mlango ule kwa mikono yangu. Kuna mabinti nyuma yake."

Hakunibishia. Hilo ndilo lililoniuma, maana Kunigunda hubishana hata na mvua. Alitia kidole kwenye beseni la kijani, akakitazama.

"Mume wangu alipofariki," akasema, "nilikaa ndani sisemi wala sili. Ndugu zangu wote wakaja na maneno ya faraja. Tulipofika makaburini, Atilio akateremka shimoni, akalala chali, akakataa kutoka. Akasema, 'Mngoni huyu hakuwahi kuchimba hata shimo la choo, leo anapewa shimo zuri namna hii kwa kazi gani? Nalala mimi!' Watu wakamsihi, wakamvuta miguu. Mimi nikacheka, Namkunda. Kichwa wazi, nimejaa vumbi, nikacheka mpaka machozi yaliyokuwa yamegoma yakatoka. Halafu akatoka shimoni, akashika koleo, akazika yeye mwanzo hadi mwisho, hakumwachia mtu. Sasa huyo ndiye mwizi wangu."

Akafuta kidole kwenye kitenge na kuondoka.

Nikaenda kumtafuta Atilio. Alikuwa anafunga brashi zake kwenye gunia, zile nyembamba za chumvi anazotumia kuweka mipaka ili rangi ya mtu isile ya jirani yake.

"Kamwene, Mwenyekiti," akanisalimu.

"Kamwene, kaka. Unafungasha mapema."

"Sumbawanga kuna baridi kama kwetu, nitazoea."

"Kaka Atilio, sema uliumia. Mara moja tu. Hata kama ni uongo."

"Ni uongo mbaya huo." Akakaza kamba ya gunia. "Unajua, nikiwa na huyu mama, naweza kukosea. Napaka mstari mbovu, ananitukana, namtukana, nafuta, tunaendelea. Huko Sumbawanga watakakoniogopa na kuniheshimu, mstari mbovu utabaki ukutani miaka yote. Lakini siwezi kumwita mwongo mbele ya chuma. Wewe fanya unaloona ni haki. Kama haki ni mimi kuondoka, sitakulaumu, nakwambia mapema ili usije ukakosa usingizi."

Nilimchukia kidogo kwa upole ule. Mtu akikulaumu, angalau unapata pa kusimama.

*

Kikao kilifanyika asubuhi, mbele ya ukuta wa shule, matope yake yote yakitutazama. Shahidi alikuwa kwenye jukwaa. Nilianza kwa kuuliza nani ana neno.

Lugano akasimama. "Mimi nampenda mzee Atilio, hilo lijulikane. Lakini kwenye kikoa nilichotoka nililiwa kazi, na aliyenila alikuwa mcheshi kuliko watu wote mtaani. Tukitoboa tundu hapa kwa ajili ya mtu mwema, halitabaki la watu wema. Da Namkunda analijua hili kuliko mimi."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Niliitikia pia, kwa sababu alisema kweli.

Kunigunda naye akanyanyuka. "Shahidi, nipeleke mimi. Chokaa najua kuichanganya."

"Hukulalamikiwa," Shahidi akajibu. "Mlalamikaji hawezi kuchukua nafasi ya mlalamikiwa." Kisha jicho lake likageuka polepole. "Mwenyekiti wa zamu, Namkunda Mbwambo. Je, nimekosea kuyaelewa maneno haya? Jibu lako litafundishwa kwa vikoa vyote."

Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri yenye pande zote mbili, na yote ilinitoka kichwani. Nilimwona Atilio amekalia gunia lake, anachezea kamba. Nikawaona pia, kwa mawazo tu, wale mabinti ninaowasema kila siku, wameshika brashi na wanacheka kwa adabu. Nilijua nikisema ndiyo nawasaliti wao, na nikisema hapana namsaliti yeye.

"Shahidi," nikasema, "zamani nilikuomba usisikilize kicheko. Bado nakuomba. Mimi nilicheka kila siku, na kila siku nilikuwa naumia. Lakini sikukwambia usikilize nini badala yake, kwa sababu sikujua. Nilikuachia nusu ya kazi."

"Nisikilize nini?"

"Sikiliza jibu. Mtu akitaniwa, mtafute siku aliyorudisha. Sisemi kukubali, kukubali hata mtumwa hukubali. Nasema kurudisha: amtanie aliyemtania, mbele ya watu walewale, kwa uzito uleule, na kesho yake wakafanya kazi pamoja bila yeye kupungukiwa. Ukiipata siku hiyo, ule ni utani, waache. Usipoipata, basi hata kama watu wanagaragara chini kwa kicheko, shtuka. Kuna mtu analiwa."

Nilimtazama Lugano. Alikuwa amekunja uso, anayarudisha mawazo kwenye kikoa chake cha zamani, naona anamtafuta yule mcheshi na kumpima. Kisha akakaa polepole. "Yule sikuwahi kumrudishia," akasema, kama anajiambia. "Nani angethubutu?"

Shahidi alikuwa anatafuta kwenye miaka yote aliyonayo, na hata kwake ilichukua muda.

"Kwa Atilio Luhwavi na Kunigunda Ngonyani nimepata," akasema. "Ni nyingi. Karibu kila siku ya kazi. Nimeelewa vibaya. Hukumu imefutwa."

Kelele zilizopigwa pale sikuwahi kuzisikia Kihesa. Kunigunda alimrukia Atilio, akamnyang'anya gunia, akamwaga chini brashi zote, akimwita kila jina baya lililo katika Kingoni na mengine aliyoyatunga papo hapo. Atilio alikuwa analia, analia kabisa, huku akimwambia apunguze uzito kabla ya kumrukia mtu.

"Mwenyekiti," Shahidi akasema.

Aliongea kwa sauti ileile ya kawaida, lakini watu wakamgeukia.

"Nimepima kwa kipimo chako pia kumbukumbu zako za Tanga. Sijapata hata siku moja."

"Najua," nikasema. "Hutaipata."

"Nimepima na kumbukumbu zako za kikoa hiki. Hapa pia sijapata hata siku moja ambayo umemrudishia mtu. Kwa kipimo chako napaswa kukuuliza. Je, unaliwa?"

"Hapana," nikasema haraka. "Hapa hakuna anayenitania. Ndiyo maana sijarudisha."

Nilipoyasikia maneno yale yakitoka ndipo nilipoyaelewa. Niliwatazama wenzangu, na kila niliyemtazama aliinamisha macho. Miaka yote ile walikuwa wamenibeba kama yai. Walijua habari ya Tanga, wakaogopa kuligusa donda, na mimi nikaiita heshima. Nilikuwa mtu pekee katika karakana ile ambaye rangi yake iliingia kwenye ya wengine na hakuna aliyepiga kelele. Niliona aibu, na chini ya aibu nikaona huzuni ambayo sikujua ninayo.

Kunigunda akamwachia Atilio. Akajifunga kitenge upya, akaja akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, karibu kiasi kwamba nilinusa vitunguu.

"Wewe Mpare," akasema kwa ile sauti ya ng'ambo ya mto.

Atilio akasema, "Mtani, taratibu," lakini yeye akamnyamazisha kwa mkono.

"Wewe Mpare! Tangu asubuhi umetukalisha juani, maharage yanapoa, Mhehe wangu nusura aende chokaani, kwa sababu wewe bila kesi hulali! Kwenu mtu anauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Sasa umeishiwa binadamu wa kushtakiana nao, unashtakiana na chuma!"

Nilikuwa Tanga tena, wageni wamesimama, na kicheko changu cha adabu kilikuwa kimeshafika kooni, tayari kutoka chenyewe kama kilivyozoea. Nilikimeza. Kunigunda hakucheka wala hakuondoka. Alikuwa anangoja, na nikaona kidevu chake kinatetemeka, kwamba na yeye anaogopa.

"Mpare na Mngoni hawana utani, mama," nikasema. "Hatukupigana vita."

"Leo tumepigana. Usikwepe."

"Basi sikiliza." Sauti yangu ilitoka nyembamba, nikaisukuma. "Heri sisi, kesi ya kuku tunaifikisha hukumuni. Kwenu Songea kesi ya panya haijawahi kusikilizwa hata moja, kielelezo mnakila njiani."

Halafu Lugano akatoa sauti ya mtu aliyepaliwa, na Atilio akaanguka kabisa kwenye majani, akipiga ardhi kwa kiganja.

Kunigunda hakucheka. Alinitazama juu hadi chini, macho yamemjaa maji, akavuta pumzi ndefu ya kujiandaa. Nikajishika kiuno na mimi, kama alivyojishika yeye, nikasimama pale nikingoja anirudishie.